Dola Zinazotupwa Zingali Changa

Upo wimbo ambao juma hili nimeusikia ukipenya ukuta wa chumba cha pili hata nikawa najua ni wapi kwaya itapaza sauti na ni wapi itaishusha, nao ni ule uitwao Baba Yetu, aliouandikia muziki Mmarekani Christopher Tin kwa maneno ya Sala ya Bwana ya Kiswahili, ukawekwa mlangoni mwa mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV uliotoka mwaka 2005, na mwaka 2011 ukapata tuzo ya Grammy, wa kwanza kuipata katika muziki wote uliotungwa kwa ajili ya michezo ya aina hiyo. Ni wimbo mzuri, na msemaji wa Kiswahili ana haki ya kuuonea fahari. Lakini hulia pale mchezaji anapokuwa bado hajaingia, anapochagua aanze nini. Kwa hiyo kila uliposikika tena usiku ule ule nilijua ya kuwa mpwa wangu, kijana mwenye akili na adabu aliyekuja kwetu likizoni, ameitupa dola nyingine na anakwenda kuasisi mpya.

Wasioujua mchezo huu wataniwia radhi nikiueleza kwa uchache. Asili yake ni kazi ya Sid Meier na Bruce Shelley ya mwaka 1991, na matoleo mengi yaliyofuata yameishika desturi ile ile: mchezaji hupewa walowezi, katika mwaka 4000 kabla ya Kristo, juu ya ramani iliyofunikwa giza isipokuwa sehemu chache zinazowazunguka; na kwa zamu moja baada ya nyingine, mpaka zifike mia kadhaa, huasisi miji, huvumbua gurudumu na maandishi, hufunga mikataba na majirani, hupigana nao, hujenga majengo ya maajabu, hata aifikie karne yetu hii. Ramani hufumwa na kompyuta upya kila mara, kwa nasibu. Na maadamu kuomba ardhi nyingine hakugharimu kitu ila kubofya mara mbili tatu, mchezaji hujikuta amekuwa hakimu wa nchi kabla ya kuwa mtawala wake.

Nilikwenda kuketi nyuma yake baada ya sala ya isha. Alichagua kuwa Mansa Musa wa Mali. Nchi ya kwanza aliyopewa ilikuwa na mchanga upande wa kusini na msitu mzito upande wa kaskazini; hakuipa hata zamu moja. "Ardhi hii mbaya, mjomba," alisema, na wimbo ukalia. Nyingine ilikuwa pwani na samaki tele, lakini haikuwa na mto. Akaja kuiridhia moja yenye mto, ngano, ng'ombe, na kilima kinachong'aa dhahabu, akaasisi Timbuktu kando ya maji, akapeleka mtu wa kufunua giza la ramani, akajenga mji wa pili, akafanya urafiki na jirani wa mashariki, kisha akaanza kujenga Piramidi. Nakiri ilipendeza kumtazama. Kila jambo alilifanya kwa mpango, mkono wake mwepesi, na ramani ikazidi kufunguka. Zilipobaki zamu chache tu kazi ikamilike, habari ikatokea juu ya kioo ya kwamba Piramidi zimekwisha kujengwa katika nchi ya mbali. Jasho lote la Timbuktu likageuzwa dhahabu, fidia ambayo mchezo humpa aliyetanguliwa. Kijana akatazama kidogo, akavuta pumzi, akaenda kwenye kitufe cha kutokea. "Imeshaharibika hii, mjomba. Naanza nyingine."

Ni nini kilichoharibika? Miji miwili ilisimama, mashamba yamelimwa, hazina imejaa kuliko ilivyopata kujaa, jirani yungali rafiki, na zaidi ya robo tatu ya zamu zote zilikuwa bado mbele. Kilichoharibika ni sura ya dola iliyokuwa kichwani mwake, ile isiyokosa kitu, na kwa ajili ya sura hiyo dola iliyokuwako ilifutwa.

Na liko jambo linalonisumbua zaidi katika hukumu ile ya zamu ya kwanza. Katika Civilization IV, toleo analolicheza, ardhi haionyeshi mali yake yote kwa mgeni. Farasi hawaonekani mpaka watu wako wajifunze ufugaji. Shaba haionekani mpaka wajue kufua shaba nyeusi. Chuma hakionekani mpaka wafike kwenye elimu ya uhunzi wa chuma, wakati ambapo umekwisha kuishi na nchi ile muda mrefu na kuizoea. Nchi aliyoitupa kwa sababu ya mchanga wake huenda ilikuwa na chuma chini ya mchanga ule ule. Hatajua kamwe. Waliobuni mchezo walikusudia, kwa hekima ninayoiheshimu, kwamba baadhi ya heri ya nchi impate yule tu aliyekubali kukaa. Naye anayeanza upya kila saa amejinyima heri hiyo kwa mkono wake, huku akidhani anaitafuta.

Najua atakayenijibu, na jibu lake si dogo. Atasema: mchezo ni burudani, ndani ya Timbuktu ile hamna roho hata moja, kijana hamdhuru mtu, wala hayuko vibarazani akivuta bangi, basi una kesi gani naye? Tena, atasema, utamu wa michezo hii uko mwanzoni. Mwanzoni giza linafunguka, kila uamuzi una uzito, na hujui ni nani anayekaa ng'ambo ya mlima. Ilhali mwishoni unahangaika na miji thelathini na vikosi visivyohesabika, zamu moja inakula robo saa, na mshindi amekwisha kujulikana tangu zamani. Wabunifu wenyewe wameliona hilo. Civilization VII, iliyotoka Februari 2025, imeigawa historia katika zama tatu na kumpa mchezaji mwanzo mpya katika kila zama, na mojawapo ya sababu walizozieleza hadharani ni kuwa walio wengi hawafiki mwisho.

Yote hayo nayakubali, wala hayaigusi hoja yangu. Mpwa wangu hakuiacha Mali kwa kuchoshwa na ushindi. Aliiacha kwa jeraha la kwanza. Kuuacha mchezo uliokwisha kuamuliwa ni busara ya mtu anayeuthamini muda wake, na hata katika sataranji bingwa husalimu amri kabla ya mfalme wake kufungwa. Kuuacha kwa sababu umeanza kukujibu ni jambo jingine kabisa. Katika zamu za awali mchezo haukuulizi lolote usilolijua: mfanyakazi aende wapi, mji wa pili ukae wapi, elimu ipi itangulie, hayo kijana anayajua kwa ghaibu. Siku unapotanguliwa, au jirani anapovunja ahadi, ndipo linapokuja swali ambalo jibu lake hukuliandaa, nalo ni lako wewe na nchi yako ile, halimo katika maelekezo ya mtu yeyote. Anayekimbia hapo atarudi kujibu maswali yale ya awali, ambayo alikwisha kuyajibu, na atayajibu vizuri zaidi na zaidi, hata awe fundi wa mianzo asiyejua kingine. Nilimwuliza reli hujengwaje katika mchezo huo. Akanijibu kwa unyofu kwamba hajapata kufika huko.

Sid Meier amepata kueleza kwamba wazo la dola kupanda, kuanguka na kuinuka tena lilimvutia tangu zamani, lakini wachezaji hawakulipokea: msiba ulipowafika walirudi kwenye mchezo waliouhifadhi kabla ya msiba, wakaendelea kana kwamba haukutokea. Hivyo michezo hii ikafundishwa kupanda tu. Hilo naliona hasara kubwa, kwa kuwa kuanguka na kuinuka ndiko kulikoifanya historia istahili kusimuliwa, na ushahidi mwema kuliko wote ni mji huo huo ambao kijana aliufuta.

Mansa Musa wa kweli hakuchagua mwanzo wake. Alikuta kiti kilichoachwa wazi, akaenda Hija mwaka 1324 kwa dhahabu iliyowashangaza watu wa Misri, na Timbuktu ikawa mkononi mwa Mali kwa takriban miaka mia moja. Mwaka 1433 Watuareg waliichukua. Mchezaji wa Mali angekuwa amekwisha kubofya. Mwaka 1468 akaingia Sunni Ali wa Songhai, mtu mkali aliyewatesa wanazuoni wake, na hapo hata mwenye subira angekata tamaa. Lakini ni baada ya misiba hiyo miwili, chini ya Askia Muhammad wa Songhai na waliomfuata, ndipo elimu ya Timbuktu ilipofikia kilele, wanafunzi wakajaa msikiti wa Sankore, na vitabu vikawa bidhaa yenye faida. Yaani sifa ambayo kwayo ulimwengu mzima unalijua jina la mji ule ilipatikana wakati ambapo Mali, kwa hesabu ya mchezaji, ilikuwa imekwisha kuupoteza. Mwaka 1591 majeshi ya Moroko yakaishinda Songhai. Miaka mitatu baadaye mwanachuoni Ahmad Baba akapelekwa uhamishoni Marrakesh pamoja na wenzake, kwa minyororo, na maktaba yake ikapotea. Huko huko uhamishoni alisomesha, na watu wakamwendea. Akarudi Timbuktu mwaka 1608, mtu mzima wa makamo, katika mji uliopungua, akaendelea kufundisha na kuandika hata alipofariki mwaka 1627. Sioni ni wapi katika habari hiyo mtu mwenye insafu angesema, "Imeshaharibika hii."

Sisi wa pwani tulipaswa kulifahamu jambo hili kwa wepesi zaidi, kwa kuwa tuna bao. Katika bao la Kiswahili mwanzo ni mmoja kwa kila mtu na kwa kila siku: kete sita katika nyumba, mbili na mbili katika mashimo mawili yanayoifuata, ishirini na mbili mkononi, basi. Hakuna mchanga wala mto wa kumlalamikia Mungu. Anayependa kuchagua mwanzo hana cha kuchagua, na ustadi wote umewekwa pale katikati, kete za kunamua zinapopungua mkononi, mtaji unapokaribia, na aliyepoteza nyumba yake anapokuwa bado ana safu ya nyuma ya kufikiria. Mzee anayejua bao humwona mwenzake vizuri zaidi saa hiyo kuliko saa ya kupanga kete.

Sitaki nieleweke kuwa kila anayeanza upya ana taksiri. Yuko aliyecheza hata akashindwa, mji wake mkuu ukatekwa mbele ya macho yake, akakaa akatafakari kwamba aliwaamini majirani kupita kiasi na kuta alizijenga kwa kuchelewa, kisha akaanza tena akiwa na jambo moja analolijua ambalo jana hakulijua. Huyo namvulia kofia. Mimi nasema juu ya yule ambaye mwanzo wake mpya hauna habari yoyote ya mwanzo uliotangulia, kwa kuwa hakukaa muda wa kutosha kuipata. Na kwa huyo rai yangu ni thabiti: mnyimeni uwezo wa kurudi nyuma. Wako wabunifu waliolifanya hilo kwa hiari ya mchezaji. XCOM: Enemy Unknown, iliyotoka mwaka 2012 kutoka kampuni ile ile ya Firaxis inayotengeneza Civilization, ina namna ya kuchezwa iitwayo Ironman, ambamo mchezo huhifadhiwa mahali pamoja tu na kila hatua huifuta iliyotangulia, askari aliyekufa amekufa, na jina lake hubaki katika orodha ya wafu. Watu wengi huichagua kwa ridhaa yao, wakijua itawaumiza.

Tena wasikilizeni wachezaji wanapokutana na kuzungumza. Sijamsikia hata mmoja akiwasimulia wenzake juu ya ardhi nzuri aliyopewa katika zamu ya kwanza, mto upande huu na dhahabu upande ule. Husimulia juu ya mji ulioshikwa na mpiga upinde mmoja nyuma ya ukuta mpaka msaada ukafika kwa bahari, juu ya rafiki wa miaka elfu aliyegeuka adui usiku mmoja, juu ya amani iliyonunuliwa kwa dhahabu yote ya hazina na jinsi dola ile maskini, iliyobakiwa na miji miwili, ilivyokuja kuwa ya kwanza kuvuka bahari kuu. Mpwa wangu huwasikiliza rafiki zake wakisimulia hayo, na yeye, pamoja na saa zote alizozitumia, bado hana la kusimulia.