Deni Lisilodaiwa



Leo nina swali moja: deni ambalo hakuna anayelidai, bado ni deni?

Swali hili lilinijia nikisoma marekebisho madogo ya msimbo wa Linux. Ndani kabisa ya mfumo huo kuna kerneli, inayogawa kumbukumbu ya kompyuta. Sehemu ya msimbo ikihitaji nafasi huiazima, ikimaliza huirudisha. Kosa mara nyingi huwa pale kazi inapokwama: nafasi imeshaazimwa, hatua inayofuata inashindikana, basi msimbo unaondoka zake bila kurudisha. Hakuna kengele inayolia. Ila kosa likijirudia, nafasi inapungua kidogo kidogo mpaka mashine nzima inaelemewa. Tangu 2009 kerneli ina chombo, kmemleak, kinachotafuta vipande ambavyo anwani yake haijulikani tena popote. Huviita yatima. Hakuna anayevidai, lakini bado vinahesabiwa kuwa vinatumika.

Hapo nikajiona mwenyewe. Kabla ya seminari nilikuwa mweka hazina wa vijana parokiani. Tulichangishana kwa ajili ya hija, safari ikavunjika. Waliodai niliwarudishia. Walionyamaza, nami nikanyamaza. Nilijiambia, si safari imeshindikana? Kumbe kilichoshindikana ni safari, si wajibu wangu.

Aristotle alifundisha kwamba asiyejua kwa uzembe wake hana udhuru, maana ilikuwa juu yake kuwa mwangalifu. Na mimi wala sikuwa sijui!

Marekebisho yale yalikuwa mstari mmoja tu. Lakini mstari ule huzuia uvujaji mpya; nafasi iliyokwisha kupotea hairudi mpaka mashine izimwe na kuwashwa tena. Sisi hatuna kitufe hicho. Katekisimu, namba 1459, inafundisha kwamba maondoleo huondoa dhambi, ila madhara yake tunapaswa kuyatengeneza, kwa mfano kurudisha kilichoibwa. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne.

Wiki iliyopita nilifungua daftari la zamani. Majina saba. Watano nimewapata kwa simu. Mmoja alicheka: "Frateri, mbona nilishasahau!" Yeye alikuwa na haki ya kusahau, mimi sikuwa nayo. Wawili bado nawatafuta.

Usiku wa leo, ukitafiti dhamiri, pitia na mipango yako iliyovunjika. Uliondoka na nini cha mtu?

Mungu awabariki.