Kitabu na Rafiki

Je, kitabu chaweza kuwa rafiki? Shaaban Robert, mtunzi wa riwaya na mashairi, alitunga vitabu vingi. Walakini toka 1931 hata 1958 alimwandikia ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge, barua ambazo zilipigwa chapa mwaka 2002. Mtunzi kama yule alikosa nini tena? Nadhani alitaka mtu wa kumjibu. Kitabu hunistahimili nikosapo, hunyamaza tu. Hapa Mtabila mzee jirani yangu hunikatiza maneno, na mara nyingi haki ni yake. Juzi alipiga hodi nami ninasoma, nikajifanya sipo. Akaketi kibarazani hata giza likaingia, ndipo akaenda zake. Ukurasa ule niliusoma mara tatu, wala sijui ulisema nini.