Kitabu kwa Mwanafunzi wa Kompyuta

Swali ambalo mwalimu wa lugha hatarajii kuulizwa na mwanafunzi wa kompyuta ni hili: asome kitabu gani? Kijana mmoja alinijia nalo. Vitabu vya kazi alikwisha kutajiwa na walimu wake, nami sikuvidharau. Juzuu la kwanza la Donald Knuth juu ya utungaji wa programu, lililotoka mwaka 1968, lingali likifundisha subira na usahihi. Na asiyejua mashine hufanyaje kazi yake hana haki ya kuihukumu.

Lakini mimi nilimpa Joseph Weizenbaum. Mtu huyu alizaliwa Berlin mwaka 1923, akaikimbia Ujerumani ya Hitler pamoja na wazazi wake mwaka 1936, hatimaye akawa mwalimu katika chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 1966 aliueleza ulimwengu programu yake iitwayo ELIZA, iliyoyageuza maneno ya mtu kuwa maswali, kwa mfano wa tabibu wa nafsi. Ukiiandikia kwamba una huzuni, yaweza kukuuliza kwa nini una huzuni, nayo haijui huzuni wala furaha. Katibu muhtasi wake, aliyemwona akiitunga kwa miezi mingi, aliongea nayo kidogo tu, kisha akamwomba bwana wake atoke chumbani awaache peke yao. Baadhi ya matabibu nao wakadhani kwamba wagonjwa wangeweza kukabidhiwa mashine ya namna hiyo.

Mshtuko huo ulizaa kitabu chake cha mwaka 1976, Computer Power and Human Reason. Humo haulizi tu mashine yaweza nini. Auliza ni kazi gani isiyopasa kupewa hata kama yaiweza, kama vile hukumu ya hakimu juu ya binadamu mwenziwe. Sikubaliani naye kwa yote. Watunga programu wasiolala amewafananisha na wacheza kamari, na hapo naona kalamu yake ilikuwa kali kupita haki.

Kijana alirudi baada ya majuma mawili. Alikuwa akitunga programu ya kuchagua wanaostahili mkopo, na sasa alitaka kujua mjane atakayekataliwa aende kwa nani kuuliza sababu. Sikuwa na jibu. Nilimwambia alipeleke swali hilo kwa aliyemwagiza kazi, kabla hajaimaliza.