Nani Alikukuta Njiani

Siku niliyorudi nyumbani kutoka chuo, godoro limefungwa kamba na liko mgongoni, anti yangu mmoja alinitazama kutoka kwenye kiti chake pale uani, akawageukia wenzake, akasema maneno mawili tu: "Jina limemfuata."

Wacha nikueleze. Nilipewa jina la mjomba wangu, kaka ya mama. Mjomba aliacha chuo akiwa mwaka wa pili, akarudi kijijini akawa fundi wa redio, baadaye akawa mlevi anayetengeneza redio, mwishowe akawa kaburi nyuma ya migomba. Mimi niliacha mwaka wa tatu, karo ilipokosekana na nikachoka kuwadanganya watu kwamba inakuja. Kwa hivyo anti alikuwa na ushahidi wake wote: jina lile lile, chuo kilichoachwa katikati, njia ile ile ya vumbi kutoka steji. Kilichobaki ni pombe na kaburi.

Sikumjibu. Kwanza, ni mkubwa wangu. Pili, nilijua vizuri anachofanya, maana nimekifanya mimi mwenyewe kwa miaka. Anti alikuwa anatunga nadharia ya shabiki.

Kama unasoma One Piece unaelewa tayari. Kama husomi, ni hivi: hii ni manga ya Eiichiro Oda iliyoanza mwaka 1997 katika jarida la Weekly Shonen Jump huko Japani, na bado inaendelea. Ilifika sura ya 1,000 mwaka 2021. Mtu aliyezaliwa ilipoanza amefanya KCPE, amefanya KCSE, pengine ana mtoto sa hii, na Luffy bado yuko baharini anatafuta hazina. (Onyo: kuanzia hapa nafichua mambo. Kama hujafika Dressrosa, weka simu chini, urudi baadaye.)

Hadithi ndefu hivyo humpa msomaji muda wa kukumbuka, na anayekumbuka huanza kulinganisha. Huko hosteli, wakati wengine wanabishana kuhusu Arsenal, sisi tulikuwa tunakaa kwenye ngazi tukilinganisha watu ambao hawapo. Luffy anavaa kofia ya majani aliyopewa na Shanks, na Shanks alipewa na Gol D. Roger, Mfalme wa Maharamia. Wote wawili, Luffy na Roger, wana ile herufi D katikati ya jina. Roger aliuawa pale Loguetown, na akafa akitabasamu. Miaka mingi baadaye Luffy anabanwa kwenye jukwaa lile lile, upanga uko juu ya shingo, naye anatabasamu vile vile. Smoker, nahodha wa wanamaji aliyekuwa mtoto siku Roger alipouawa, anaona tabasamu hilo na anashtuka. Anamuona marehemu.

Kutoka hapo tulikuwa na hakika. Kwa kuwa Luffy anafanana na Roger, Luffy atakufa kama Roger. Msee mmoja wa ghorofa ya tatu alikuwa hata amechora chati.

Sasa, nadharia za namna hiyo si ujinga. Zina msingi, kwa sababu Oda yupo. Kuna mtu mmoja amekaa kwenye meza na kalamu, na akirudia tabasamu amelirudia makusudi. Ukiuliza "kwa nini hawa wawili wanafanana?" kuna mtu wa kujibu. Lakini mimi na mjomba tulichorwa na nani? Anti aliona tabasamu limerudiwa akadhani kuna kalamu. Hakuna kalamu. Kuna karo, kuna vijana wawili wa enzi mbili, na kuna desturi ya kupeana majina ili waliotangulia wasisahaulike. Jina lilikusudiwa kuwa kumbukumbu. Likageuzwa kuwa utabiri.

Ningeweza kuishia hapo nikajipa ushindi. Lakini nilirudi kusoma, na nikaona kwamba hata ndani ya kazi ya Oda mwenyewe, kufanana hakusemi tulichodhani.

Chukua ndugu wawili wa ukoo wa Donquixote. Baba yao, Homing, alikuwa mmoja wa wale watukufu wanaoishi Mary Geoise na kujiona miungu. Akaacha cheo, akamchukua mke na watoto wawili, akaenda kuishi kama binadamu wa kawaida. Watu waliokuwa wameumizwa na watukufu hao walipojua yeye ni nani, walichoma nyumba. Familia ikala takataka. Mama akafa kwa ugonjwa. Baba na watoto wakatundikwa ukutani na umati uliotaka kulipiza kisasi. Watoto hao wawili walizaliwa na mama mmoja, wakapitia njaa moja na moto mmoja. Kama kuna watu wawili duniani wenye haki ya kufanana mwisho wao, ni hao.

Doflamingo, akiwa na miaka 10, alimpiga baba yake risasi. Akakua akawa yule tunayemjua, mfalme anayewachezesha watu kwa nyuzi. Rosinante, mdogo wake, akawa mtu aliyemlilia mtoto wa watu usiku.

Kwa muda mrefu niliisoma hivi: huyu alichagua ubaya, huyu akachagua wema. Basi. Somo limeisha, kila mtu na uamuzi wake. Ni somo tamu kwa kijana ambaye jina limemfuata. Maana yake ni kwamba mjomba alichagua chupa na mimi nitachagua kingine, kwa hivyo anti anyamaze.

Lakini angalia tena nani alimkuta nani njiani. Doflamingo alikutwa na Trebol na wenzake, waliomwambia amezaliwa kuwa mfalme, wakampa bastola. Ile bastola aliyomuulia baba yake haikudondoka kutoka mbinguni, aliwekewa mkononi. Rosinante alikutwa na Sengoku wa jeshi la wanamaji, akamlea kama mwanawe. Ungewabadilishia hao waliowakuta, nani ana ujasiri wa kusema hadithi ingebaki ile ile?

Na Oda, kama vile amesikia swali, anatuletea mtoto wa tatu. Law anatoka Flevance, mji ulioangamizwa na majirani zake kwa kuogopa ugonjwa wa madini. Amepoteza wote, naye mwenyewe ni mgonjwa, hana muda mrefu, na anataka kuvunja kila kitu kabla ya kufa. Doflamingo anamtazama na kujiona. Anampenda kwa sababu hiyo, anataka kumlea awe mkono wake wa kulia. Hiyo ni nadharia ya shabiki ndani ya hadithi yenyewe: huyu mtoto ni mimi, kwa hivyo atakuwa mimi. Rosinante anamtazama mtoto huyo huyo, na sidhani haoni kufanana. Anakuona vizuri kuliko mtu yeyote, amelala nyumba moja na huyo kaka. Lakini yeye hatabiri. Anambeba Law hospitali hadi hospitali, madaktari wanawafukuza, anaendelea. Mwishowe anaiba tunda la kumponya, na analipia kwa risasi ya kaka yake.

Wote wawili waliona kitu kile kile. Mmoja alisema, "Nitakukuza uwe hivyo." Mwingine akabeba.

Nilipofika hapo, nilimuuliza mama kuhusu mjomba. Nilikuwa nimejua mwisho wake tu, kama sisi sote. Mama alikuwa anachambua mchicha, hakuacha. Akaniambia siku mjomba aliporudi, babu hakumsalimia. Alikaa karibu mwaka mzima bila kumsemesha, ujumbe unapitia kwa watoto. Alipewa ghala la mahindi alale. Hakuna aliyempokea hata begi. "Sisi tulikuwa wadogo," mama akasema, "na tuliogopa kuonekana tuko upande wake."

Nikakumbuka siku yangu mimi. Kabla anti hajasema maneno yake mawili, mama alikuwa ameshatoka jikoni na mikono ya unga, akanishusha godoro, akauliza, "Umekula?" Hakuuliza kingine wiki nzima.

Enyewe, nilikaa na aibu. Nilikuwa nimejenga utu wangu wote juu ya kuwa tofauti na marehemu, kumbe tofauti kubwa kati yetu ilikuwa sahani ya chapati.

Utaniambia: basi tumemaliza, kila mtu ni zao la waliomkuta, hakuna wa kulaumiwa. Hapana. Kuna Marshall D. Teach, Blackbeard. Huyu ndiye kioo cha karibu zaidi cha Luffy. Ana D, ana ndoto, anacheka kwa sauti. Wanapokutana Jaya, wamekaa ubavu kwa ubavu kwenye baa wakila pai ileile. Luffy anaona ni mbaya ajabu, Teach anaona ni tamu ajabu. Wakinywa kinywaji, maoni yanageuka. Watu wanaifurahia ile kurasa kwa sababu inachekesha, lakini inasema mengi. Na Teach alikutwa njiani na mtu mzuri. Whitebeard aliwaita mabaharia wake wote wanawe. Teach alikula kwenye meza hiyo miaka na miaka akisubiri tunda alilolitaka, na mwenzake Thatch alipolipata, akamuua. Baadaye akamkamata Ace na kumkabidhi kwa serikali. Alipokewa, alilishwa, aliitwa mwana, na bado.

Kwa hivyo kupokewa hakutoshi, na kuchagua peke yake hakutoshi. Hapo ndipo nimefika, na nadhani kosa letu ni kutumia kipimo kimoja kwa kila mtu, tena upande usiofaa. Nikijifikiria mimi, napenda kusema, "Sikuwa na njia, ona nilikotoka." Nikimfikiria mwingine, nasema, "Alichagua mwenyewe." Nimeanza kujilazimisha kugeuza. Nikijipima mimi, niulize nimechagua nini leo, maana hilo ndilo liko mkononi mwangu, na nisijifiche nyuma ya karo wala nyuma ya jina. Nikimpima mwenzangu, niulize kwanza nani alimkuta njiani. Si kwamba hana lawama. Ni kwamba sehemu yake ya kuchagua siioni kutoka nilipo, lakini sehemu ya kukutwa naiona, na wakati mwingine ni mimi niliyekuwa barabarani siku hiyo.

Kuhusu Luffy na Roger, sijui wewe, lakini nimeacha kubishana. Ile kofia siioni tena kama hatima. Shanks hakumwambia mtoto, "Utakuwa mimi." Alimwazima kofia na kumtaka airudishe siku akiwa haramia mkubwa. Kitu cha kuazima unakibeba, unakitunza, lakini kichwa kinabaki chako. Nalibeba jina la mjomba hivyo siku hizi. Nimejifunza hata kushika chuma cha kulehemu, na redio yake moja naisikiza asubuhi.

Mwezi uliopita binamu yangu aliacha chuo. Ni mtoto wa anti yule yule. Hana jina la mjomba, amepewa la babu upande wa baba yake, mzee aliyekuwa mwalimu mkuu na hakuonja pombe maisha yake yote. Kwa hivyo nadharia imevunjika, na hakuna aliyesema lolote. Grupu la familia la WhatsApp lilinyamaza siku 3.

Sikumtumia anti ujumbe wowote. Ningekuwa na maneno mawili ya kumrudishia, na yangekuwa matamu mdomoni. Nilienda steji saa kumi na moja jioni, nikakaa kwa muuza mahindi hadi matatu ikafika. Akashuka wa mwisho, macho chini, ana begi na ndoo ya plastiki yenye vyombo. Nikachukua ndoo.

"Umekula?"