Mpilipili wa Mkebeni na Swali la Dhamana

Swali la nani anayewajibika mmea unapokufa hutegemea mahali mmea huo ulipopandwa. Katika Ndithini, wadi iliyomo katika eneo bunge la Masinga, Kaunti ya Machakos, mahindi na kunde za shambani huishi kwa mvua za misimu miwili, ile ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba ambayo wakulima wengi wa Ukambani huitegemea zaidi, na mvua ikikosekana macho ya watu huelekea juu. Wakamba wa zamani walipeleka sadaka kwenye ithembo, yaani mahali patakatifu penye miti ambayo haikuruhusiwa kukatwa, wakamwomba Mulungu awape mvua. Wajukuu wao hupeleka ombi hilohilo kanisani. Mpilipili uliopandwa katika mkebe wa rangi, au katika mtungi wa mafuta ya kupikia uliokatwa sehemu ya juu, ukawekwa kando ya ukuta wa jikoni, hauna nafasi katika ombi hilo. Mizizi yake haiwezi kufuata unyevu ulio chini zaidi, na hata mvua ikinyesha, paa huenda likaizuia. Binadamu ameutoa mmea huo katika mpango wa mvua na ardhi, akajiweka yeye mwenyewe mahali pa mpango huo.

Kwa karne nyingi wanatheolojia wamejadili ni kwa nini viumbe huteseka katika ulimwengu ulioumbwa na Mungu mwema, na mjadala huo hauishi kwa sababu ya mkebe mmoja. Hata hivyo, mkebe huziba njia moja ya kuukwepa, kwa kuwa hapa aliyeamua kiasi cha udongo, idadi ya matundu ya chini na saa ya kumwagilia anajulikana. Wajibu wa kutunza kitu ambacho mtu hakukiumba, lakini kimewekwa mikononi mwake, ndio unaoitwa dhamana. Wakristo huuzungumzia kama uwakili na Waislamu kama amana. Aristotle, katika risala yake kuhusu nafsi, aliukubalia mmea nafsi ya daraja la kwanza, ile ya kujilisha, kukua na kuzaa, huku akikana kwamba mmea una hisia. Anayeikubali kauli hiyo hulazimika kukubali pia kwamba mpilipili una hali yake ya uzima na hali yake ya ugonjwa, hata kama hakuna mtu anayezitaka pilipili zake, na kwamba kwa kuwa hauwezi kulalamika, kazi yote ya kuitambua hali hiyo humwangukia aliyeufungia.

Ugumu wa kazi hiyo huonekana wazi zaidi kwenye suala la maji. Mahali ambapo maji mara nyingi huchotwa mbali na kubebwa kwa mitungi ya lita 20, hakuna zawadi inayodhihirisha upendo kuliko kikombe cha maji, na kwa sababu hiyo majani ya mpilipili yanapolegea mchana, mkono wa mwenye nyumba huenda kwenye kikombe kabla akili haijauliza lolote. Lakini mizizi hupumua. Inahitaji hewa iliyomo katika nafasi ndogo zilizo kati ya chembe za udongo, na mkebe usio na matundu, au wenye matundu yaliyozibwa na tope, hujaza nafasi hizo maji mpaka mizizi ikakosa pumzi, ikashambuliwa na vimelea vya kuoza, ikashindwa kuyanyonya maji yaliyoizunguka. Majani hulegea kwa kiu ilhali udongo umelowa. Mwenye huruma huongeza kikombe cha pili, na kikombe hicho huukaribisha mmea kwenye kifo.

Dalili hiyohiyo ya kulegea huletwa na sababu iliyo kinyume kabisa. Udongo uliokauka kupita kiasi hujikunja na kuachana na ukuta wa mkebe, ukaacha ufa mwembamba pembeni, na maji yanayomwagwa hupitia ufa huo yakatokea chini bila kuugusa moyo wa udongo, hata anayetazama akaamini kwamba mmea umeshiba kwa sababu ameyaona yakitoka. Mmea wa namna hiyo huponywa kwa kuutumbukiza mkebe wake ndani ya karai la maji hadi viputo vikome kupanda. Ule wa kwanza huponywa kwa kuunyima maji, kuuzibua matundu, na ikibidi kuung'oa, kuikata mizizi iliyogeuka kuwa ya kahawia na kunuka, kuiacha ile myeupe na imara, kisha kuupanda upya katika udongo mwepesi. Kinachozitenganisha hali hizo mbili ni kidole kilichozamishwa udongoni hadi kiungo cha pili, au mkebe ulioinuliwa ili uzito wake upimwe kwa mkono.

Basi je, aliyemwagilia kwa upendo akaua amekosa? Katika Uislamu, hadithi inayofungua mkusanyiko wa Bukhari huiweka nia kuwa mizani ya matendo, na Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alishikilia kwamba nia njema huendelea kuwa njema hata isipofanikisha kitu. Ni rahisi kujificha nyuma ya mafundisho hayo mawili, na kufanya hivyo ni kuyasoma nusunusu. Kant mwenyewe aliongeza kwamba nia anayoizungumzia si matamanio matupu bali ni kukusanya kila njia iliyo katika uwezo wa mtu, na kidole kimo katika uwezo wa kila mtu. Nayo mapokeo ya Kiislamu, katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, humtwisha fidia yule anayetibu watu bila kujulikana kuwa na elimu ya tiba. Hadithi hiyo inawahusu binadamu na si mimea, lakini hoja yake huufaa mkebe: huruma isiyochunguza humtuliza anayehurumia zaidi kuliko inavyomsaidia anayehurumiwa.

Uchunguzi nao una utaratibu wake, kwa kuwa rangi ya manjano peke yake haisemi mengi mpaka ijulikane imeanzia wapi. Mpilipili uliopungukiwa na naitrojeni, kirutubisho cha kukuza majani, huiondoa katika majani ya chini yaliyozeeka na kuyapelekea machipukizi, ndiyo maana manjano huanzia chini na kupanda. Madini ya chuma hayahamishiki kwa urahisi, kwa hiyo upungufu wake huonekana kwanza juu, kwenye majani machanga yenye vena za kijani katikati ya manjano. Upungufu huo wa pili hutokea hata pale udongo unapokuwa na chuma cha kutosha, ikiwa maji ya kisima yenye chumvi na chokaa yameufanya udongo ushindwe kukiachilia, na utando mweupe juu ya udongo ni ushahidi wa chumvi iliyojikusanya. Anayeuona utando huo kisha akaongeza mbolea huongeza chumvi juu ya chumvi, hali kinachotakiwa ni maji ya mvua yaliyokingwa, yamwagwe kwa wingi ili yausafishe udongo na kutokea chini.

Jani lililokwisha kuungua haliwi kijani tena. John Mbiti, mwanafalsafa na kasisi aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alitumia maneno ya Kiswahili Sasa na Zamani katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika ili kueleza wakati kuwa matukio yanayotoka katika Sasa na kuzama katika Zamani. Nadharia hiyo imepingwa, hasa pale inapodai kwamba fikra za jadi hazikuwa na wakati ujao wa mbali, na pingamizi hizo zina uzito. Lakini kwa mpilipili inasaidia, kwa kuwa majani yaliyoharibika ni kumbukumbu ya upungufu uliokwisha kupita, na tiba haipimwi kwayo bali kwa chipukizi linalofunguka sasa kileleni.

Linabaki swali la mwisho wa uvumilivu. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, mwenye shamba anataka mtini usiozaa ukatwe, naye mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi. Wasomaji wengi hukumbuka muda ulioombwa na kusahau kwamba uliombwa pamoja na kazi ya kupalilia na kutia samadi. Kuusubiri mpilipili bila kuutendea lolote ni kuuacha ufe polepole. Upo pia ugonjwa usiosubiriwa: majani machanga yakitoka na mabaka ya kijani kilichofifia, yamekunjamana, na uchunguzi wa upande wa chini kwa utitiri na vidukari haukutoa maelezo mengine, virusi ndivyo vinavyoshukiwa, navyo havina dawa, na vidukari huvibeba hadi kwenye mikebe ya jirani. Hapo dhamana kwa mimea mingine huamuru ule mgonjwa ung'olewe na kuchomwa. Mpilipili uliooza sehemu ya mizizi, kwa upande wake, huweza kuishi miaka kadhaa ukitibiwa, na anayeukata ili apate nafasi ya mkebe anapaswa angalau kuuchunguza kwanza.