Mwajiri Akilazimisha Chanjo, Dhamana ni ya Nani?



Tangu miaka ya Uviko-19 swali hili halijaisha katika mijadala yetu: je, mwajiri ana haki ya kumwambia mfanyakazi, "Chanjwa au uache kazi"? Wengi hulijibu kwa kubishana kama chanjo ni nzuri. Hilo ni swali jingine. Mimi sina shaka na chanjo, kujitibu ni katika mafunzo ya Mtume (s.a.w.), na mahujaji huchanjwa dhidi ya homa ya uti wa mgongo kabla ya safari. Ninachouliza ni nani abebe dhamana pale mtu anaporidhia kwa kuogopa njaa.

Nitazame kwetu Nchelenge. Kijana anayevua dagaa wa chisense usiku, ziwani Mweru, kwa chombo cha mwingine, hana akiba. Uvuvi ukifungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, nyumba nzima hutikisika. Mkimbizi wa Kikongo kutoka Mantapala anayetafuta kibarua Kashikishi ana hali ngumu zaidi. Kumwambia mtu huyo "chagua" si kumpa hiari.

Sheria inalijua hilo. Sheria ya Ajira ya Zambia, Na. 3 ya 2019, humtaka mwajiri awe na sababu halali kabla ya kumwachisha mtu kazi. Mwaka 2010 Mahakama Kuu huko Livingstone iliamua kesi ya waajiriwa wawili wa zamani wa Jeshi la Anga waliopimwa VVU bila ridhaa. Haikukubali kwamba walifukuzwa kwa sababu ya VVU, lakini ilisema kupimwa huko kulivunja haki zao, wakapewa fidia. Nchini Kenya, Desemba 2021, Mahakama Kuu ilisimamisha agizo la kuwanyima wasiochanjwa huduma za serikali.

Basi mwajiri anayekurupuka hujitia hatarini. Lakini anayekaa kimya naye ana wajibu wa kulinda afya za watu wake. Afanyeje?

Fiqhi ina kanuni mbili za kumsaidia. Ya kwanza: hakuna kudhuru wala kudhuriana. Mgonjwa aliyelazwa hakumchagua muuguzi wake, kwa hiyo sharti la chanjo hospitalini lina uzito ambao halina kwa mtu anayeshona nyavu peke yake ufukweni. Ya pili: al-ghunmu bil-ghurmi, anayepata faida ndiye abebaye gharama. Mwajiri anayetaka wote wachanjwe ili kazi isisimame, basi alipe siku za homa, amtibu atakayedhurika, atunze siri za afya, na amsikilize mwenye udhuru na kumtafutia kazi nyingine kabla ya kumfukuza.

Utasema: ukimtwika yote hayo, ataacha kabisa kuagiza chanjo. Huenda. Lakini bado anaweza kumleta mhudumu wa afya, akaeleza na kujibu maswali. Sayyidna Umar (r.a.), tauni ilipoingia Sham, aliwashauri Muhajirina, Ansari na wazee wa Kikureshi kabla ya kuamua kurudi. Alikuwa Khalifa, na bado alishauriana. Mwenye mitumbwi mitano ana udhuru gani?

Ndugu zangu, kesho wengi wetu tutakuwa mameneja, mawakili na madaktari, na nyaraka kama hizi zitatufikia tuzitie saini. Ukiona amri inampa mkubwa faida na kumwachia mdogo hatari yote, irudishe ikaandikwe upya.

Wallahu a'lam.