Neno la Aliyetoka

Kila kanisa lililoko Ukambani leo lilianza na watu waliotoka mahali pengine. Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walipiga kambi Nzaui, Makueni, mwaka wa 1895, na waliokuja kubatizwa na misheni hiyo walikuwa watu walioiacha ithembo, mahali pa sadaka pa wazee wao. Mwaka wa 1945 Simeon Mulandi na Wakamba wenzake, waliochoka kuongozwa na wageni, wakaunda African Brotherhood Church (ABC). Miaka ya 1980 likaanza kushika mizizi Chyulu, na baadaye Kilungu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wengi wetu bado tunaliita kanisa la Wamormoni, ingawa viongozi wake waliomba mwaka wa 2018 jina hilo liachwe. Serikali ya Kenya ililitambua kanisa hilo mwaka wa 1991. Hapakuwa na mzee wa Kikamba aliyezaliwa ndani yake. Walitoka AIC, kanisa lililozaliwa na misheni ya Scott, walitoka kwa Wakatoliki, walitoka kwingine, na kila mmoja alikuwa na maelezo ya kwa nini ametoka.

Nalitaja hili kwanza kwa sababu nataka kutetea jambo ambalo makanisa yetu hayapendi kulisikia: tukiupokea ushuhuda wa anayeingia, hatuna sababu ya haki ya kuukataa ushuhuda wa anayetoka.

Tazama mambo yalivyo. Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ya mfungo, muumini wa tawi la Wamormoni husimama mbele ya wenzake na kutoa ushuhuda. Aliyetoka AIC husimulia alivyokuwa, alichokikosa kule, swali lililomsumbua na ambalo mchungaji wake hakulijibu, na jinsi wamisionari wawili wenye mashati meupe walivyomletea jibu. Hakuna anayemuuliza kama ana kinyongo na mchungaji huyo. Hakuna anayesema kwamba tangu mwanzo hakuwa Mkristo wa kweli. Machozi yake huhesabiwa kuwa ushahidi. Sasa mchukue mtu huyo huyo miaka ishirini baadaye, akili ni ile ile na ulimi ni ule ule, ila sasa ametoka na anaeleza sababu. Papo hapo hukumu inageuka. Ana uchungu. Kuna mtu alimkosea. Kuna dhambi anaificha. Hakuwahi kuamini. Yaani sifa zilizomfanya shahidi mwema alipokuja ndizo zinazomharibia anapoondoka.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Muumini anaweza kusema: anayeingia anashuhudia alichokiona, anayetoka anashuhudia ambacho hakukiona, na asiyeona hawezi kumshinda aliyeona. Kama mtu mmoja ameiona mvua ikinyesha Kibwezi na mwingine hakuiona, tutamwamini wa kwanza. Hoja hii ina uzito, lakini inahusu mbingu tu. Ni wachache kati ya waliotoka wanaosimama kuzungumza juu ya mbingu. Wanazungumza juu ya nyumba: walifundishwa nini na wakafichwa nini, waliulizwa nini nyuma ya mlango uliofungwa, pesa zilienda wapi, nani alisikilizwa na nani alinyamazishwa. Kuhusu Mungu, aliyetoka hana zaidi ya mimi na wewe. Kuhusu nyumba, yeye ni shahidi wa macho, aliyefagia vyumba vyake na kujua funguo zinakaa wapi. Kumwambia kwamba hana haki ya kusema kwa sababu ameondoka ni sawa na kumwambia shahidi mahakamani kwamba ushahidi wake umefutika alipovuka kizingiti.

Kwamba neno la aliyetoka, au la aliye njiani kutoka, lina nguvu, historia ya karibuni ya kanisa la Wamormoni inatosha kutuonyesha. Mwaka wa 2013 Hans Mattsson, Mswidi aliyekuwa kiongozi wa ngazi ya juu wa kanisa huko Ulaya, alisema hadharani kwamba alikuwa amekuta katika historia ya kanisa mambo ambayo hakuwahi kufundishwa. Mwaka huo huo Mmarekani Jeremy Runnells alisambaza barua ndefu ya maswali yaliyomtoa katika imani, ikasomwa duniani kote. Kuanzia mwishoni mwa 2013 kanisa lenyewe lilianza kutoa makala rasmi juu ya mambo hayo hayo, na moja, ya Oktoba 2014, ilikiri kwamba mwanzilishi Joseph Smith huenda aliunganishwa na wake kati ya 30 na 40. Sam Young, aliyewahi kuwa askofu huko Houston, alipiga kelele kuhusu maaskofu wanaowahoji watoto peke yao juu ya mambo ya mwili. Machi 2018 kanisa likaruhusu mtoto aingie na mtu mzima mwingine, na Septemba ya mwaka huo Young akatengwa. David Nielsen, aliyefanya kazi katika mfuko wa uwekezaji wa kanisa, aliwaambia wakuu wa kodi mwaka wa 2019 kwamba mfuko huo umelimbikiza takriban dola bilioni 100. Februari 2023 tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani ikalitoza kanisa na mfuko wake jumla ya dola milioni 5 kwa kuficha ukubwa wa uwekezaji wao nyuma ya kampuni nyingine.

Viongozi husema mabadiliko huja kwa ufunuo, wala sitaki kuupima ufunuo wa mtu mwingine. Lakini katika imani hiyo yenyewe ufunuo humjia anayeuliza. Joseph Smith aliingia msituni akiwa na swali. Spencer Kimball, rais wa kanisa aliyetangaza Juni 1978 kwamba wanaume weusi wataweza kupokea ukuhani, alisema jibu lilikuja baada ya kuomba kwa muda mrefu. Swali huanzia wapi? Mwaka wa 1973 Lester Bush, muumini ambaye hakuwa ametoka, alikuwa ameandika utafiti mrefu ulioonyesha kwamba marufuku iliyokuwa ikiwazuia haikuwa na msingi imara katika siku za mwanzilishi. Sauti za ndani na za nje huleta swali hadi mezani, na anayetoka mara nyingi ndiye aliyelibeba mbali kuliko wote, kwa kuwa lilimgharimu kiti chake. Hata kwa mtu anayeamini kwa moyo wote, basi, neno la aliyetoka linaweza kuwa sehemu ya njia ambayo Mungu wake hujibu.

Hilo la 1978 linatuhusu sana. Mkulima aliyebatizwa Chyulu mwaka wa 1986 alikuwa miaka minane tu kutoka wakati ambapo asingeweza kukabidhiwa ukuhani kwa sababu ya ngozi yake. Ni makala ya Desemba 2013 iliyozikana rasmi nadharia za laana zilizokuwa zikitolewa kama sababu ya marufuku hiyo. Mtoto wake anaweza kuyasoma yote hayo leo kwenye simu, akiwa amekaa kwenye boda boda anasubiri abiria Wote mjini. Haiwezekani kumwambia asisome. Kilichobaki ni kama atakuwa na mtu wa nyumbani wa kuzungumza naye.

Na hapa ndipo ukimya wetu unaponisumbua. Marekani waliotoka wana vitabu, vipindi, mikutano. Kitui na Makueni wanaoacha kanisa, lolote liwe, hunyamaza. Mtu huanza kukosa Jumapili moja, kisha mbili, kisha anasemekana ana kazi nyingi shambani. Hakuna barua, hakuna tangazo. Nimeona katika matanga jinsi jambo hili linavyojulikana. Usiku, kina mama wanapita na chupa za chai, na Wamormoni, ambao sheria yao ya afya inakataza majani ya chai, huomba maji moto au uji. Kisha mtu ambaye kwa miaka yote aliomba maji moto ananyoosha mkono anapokea kikombe cha chai ya maziwa, anakunywa bila kumtazama mtu. Dada wa tawi lake walio upande wa pili wa moto wanaona, na wanaendelea kuchambua mchele. Hakuna anayesema neno, lakini kabla ya jeneza kushuka siku ya pili yake habari imefika hadi kwa rais wa tawi.

Mwana wa Kitui alitusaidia kuelewa ukimya huo. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka wa 1931, alifundisha kwamba kwa Mwafrika mtu hawi mtu peke yake: yuko kwa sababu wenzake wako. Ukikubali hivyo, kutoka kanisani hakuwi kubadilisha maoni tu. Kanisa ndilo linalochanga hospitalini, ndilo linalounda kamati ya mazishi, na mara nyingi watu wa kanisa moja ndio watu wa mwethya mmoja, wanaochimbiana matuta ya shamba kwa zamu. Anayetoka anaweza kupoteza mikono ishirini ya kumchimbia tuta kabla ya mvua za Oktoba. Mwenye kupoteza hivyo hunyamaza, na aliyebaki huuchukua ukimya huo kuwa amani.

Maisha ya Mbiti yenyewe yanaonyesha nani huweza kusema. Alilelewa katika kanisa lililozaliwa na misheni ya Nzaui, akaja kuwa kasisi wa Kianglikana, na mwaka wa 1971 akatoa kitabu kilichochunguza jinsi wamisionari wa Africa Inland Mission walivyowafundisha Wakamba habari za mwisho wa dunia, na jinsi mafundisho yale yalivyogongana na namna Wakamba walivyouelewa wakati. Hakukuwa na matusi humo. Kulikuwa na ujuzi ambao mgeni asingeweza kuwa nao. Lakini kilichapishwa na matbaa ya Oxford, kwa Kiingereza, na mwandishi wake alikuwa profesa Makerere. Mkate wake na kaburi lake havikuwa mikononi mwa wazee wa Mulango. Mama wa Kilungu mwenye ujuzi kama huo wa tawi lake hana Oxford. Uzeeni Mbiti alilitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki hadi Kikamba. Alifariki mwaka wa 2019, na kazi hiyo inanitosha kujua kwamba mtu anaweza kuondoka chini ya paa moja na bado akaendelea kuwalisha waliobaki chini yake.

Albert Hirschman, mwanauchumi, aliona jambo la jirani nalo kwenye reli za Nigeria. Reli zilikuwa mbovu, na wateja waliokerwa zaidi walihamishia mizigo kwenye malori. Mtu angetarajia hasara iamshe wasimamizi. Haikuwaamsha, kwa sababu walioondoka mapema ndio wangelalamika kwa nguvu zaidi. Katika kitabu chake cha 1970 akaeleza kwamba kuondoka kukiwa rahisi, sauti hufa. Naona kanisa linalofurahia wasumbufu wake kuondoka kimyakimya liko katika hatari hiyo hiyo: linabaki na amani, na halijui tena ugonjwa wake. Aliyetoka na bado anasema amelifanyia kanisa jambo ambalo mteja wa lori hakulifanyia reli.

Simwachilii aliyetoka bila deni. Aseme alichokiona, asiongeze. Asifanye siri za jirani kuwa mali yake ya kutangaza. Na asiazime malalamiko ya Utah akayavalisha kanzu ya Ukambani, kwa sababu maswali yetu yapo na ni mazito kuliko ya kuazima. Mwaka wa 2014, mwaka ule ule kanisa lilipokiri wake wengi wa Joseph Smith, Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Ndoa inayotambua ndoa ya wake wengi ya kimila. Lakini mzee wa Kitui mwenye wake wawili, waliooana kwa mbuzi na kwa baraka za pande zote, hapokelewi kwa ubatizo bila kumwacha mmoja. Mama yupi arudishwe kwao? Au chukua fungu la kumi. Familia ya Chyulu inayovuna magunia kumi ya ndengu baada ya misimu miwili ya ukame hutoa gunia moja. Kanisa hilo husaidia wakati wa njaa, na ni haki kulisema. Bado mkulima huyo ana haki ya kujua kama gunia lake lilihitajika mahali penye mabilioni. Maswali haya hayawezi kuulizwa vizuri na Mmarekani. Yanamhitaji mtu aliyelitoa gunia, aliyemwona babu yake akigeuzwa mlangoni, kisha akatoka.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa askofu au rais wa tawi anayesoma haya, na linamfaa pia mchungaji wa AIC, wa ABC, na padri wa parokia. Mtafute mtu mmoja aliyeacha kuja. Nenda kwake nyumbani, bila karatasi ya toba mkononi, umuulize kwa nini alitoka. Usimjibu siku hiyo. Yaandike aliyoyasema kama alivyoyasema, mpelekee aliye juu yako, na wiki hiyo hiyo uhakikishe jina lake halijafutwa kwenye orodha ya mwethya.